Gereza na hesabu zake: mambo ambayo raia anapashwa kujua

Usiku wa tarehe 1 kuamkia tarehe 2 Septemba 2024, risasi zililia ndani ya gereza kuu la Makala, katika mji wa Kinshasa. Kulipokucha, kiongozi mmoja wa serikali alisema kwenye televisheni ya taifa kwamba watu wawili wamekufa. Siku moja baadaye, Waziri wa Mambo ya Ndani, Jacquemain Shabani, alitangaza hesabu nyingine kabisa: watu 129 wamekufa, 24 kati yao kwa risasi, wengine kwa kukanyagana na kukosa hewa. Alisema pia kwamba watu 59 wamejeruhiwa na kwamba kuko wanawake waliobakwa.

Kutoka 2 mpaka 129 ni njia ndefu. Na hata hesabu ya wale waliokuwa wanalala mle ndani haikuwa wazi. Makala lilijengwa juu ya watu 1 500. Mwaka ule, wengine walisema liko na wafungwa zaidi ya 12 000, wengine wakasema 15 000. Katikati ya hesabu hizo mbili kuko watu 3 000, ni kusema magereza mawili mazima ya ukubwa ambao Makala ilijengewa. Mzazi aliyekuwa na mtoto mle ndani alikuwa na swali moja tu: mwanangu ni mzima, ni majeruhi, ao ni maiti? Kupata jibu ilikuwa kazi kubwa.

Katika majimbo ya mashariki tunafahamu swali hilo vizuri. Ndiyo maana inaomba kuelewa hesabu za gereza: ni zipi, nani anaziandika, sheria inasema nini juu yake, na raia wa kawaida anaweza kuuliza nini.

Hesabu iko, lakini haitoki mlangoni

Watu wengi wanafikiri kwamba magereza yetu hayana hesabu kabisa. Si kweli. Kila gereza iko na ofisi ya grefe. Hapo ndipo mtu anaandikwa siku anaingia: jina, kosa analotuhumiwa, hati iliyomleta, tarehe, na ofisi ya parke ao mahakama iliyomtuma. Siku anatoka, anaandikwa tena. Asubuhi walinzi na makapita wanahesabu watu, kwa sababu bila hesabu hakuna namna ya kugawa hata maharagi. Hesabu hiyo inaenda kwa mkubwa wa gereza, kisha kwa divisheni ya sheria ya jimbo, kisha Kinshasa kwenye Wizara ya Sheria.

Shida ni kwamba inaenda juu tu, hairudi chini. Raia wanaisikia kwa vipande: mara shirika la raia limetoa tangazo, mara mkubwa wa gereza amelia njaa kwenye radio, mara Umoja wa Mataifa umeandika ripoti. Mwezi wa Machi 2013, kwa mfano, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya haki za binadamu nchini Congo ilitoa ripoti juu ya watu 211 waliokufa vizuizini kati ya Januari 2010 na Desemba 2012. Ilibidi watu wa nje wakusanye vifo hivyo kimoja kimoja, wakati kila mmoja wa wale 211 alipashwa kuwa ameandikwa mahali fulani katika kitabu cha serikali.

Magereza yetu ya mashariki

Gereza la Munzenze, Goma, lilijengwa juu ya watu wapatao 350. Mwanzo wa mwaka 2025 lilikuwa na zaidi ya 4 000. Tarehe 27 Januari 2025, wakati vita iliingia mjini, wafungwa walivunja na kutoroka, na moto ukawaka. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema kwamba wanawake wasiopungua 165 walibakwa na wafungwa wanaume, na kwamba wengi wao walikufa katika moto huo. Wanaume walitoroka kwa maelfu, na wanawake wakabaki ndani.

Gereza kuu la Bukavu, lililojengwa wakati wa Wabelgiji juu ya watu 500, lilikuwa na zaidi ya mara tatu ya hesabu hiyo. Lilifunguka katikati ya mwezi wa Februari 2025.

Kangbayi, Beni, limevunjwa mara mbili. Juni 2017, zaidi ya watu 900 walitoroka na watu 11 waliuawa. Oktoba 2020, zaidi ya 1 300 walitoroka, wakabaki wapatao mia moja. Agosti 2022 ilikuwa zamu ya Kakwangura, Butembo, ambapo zaidi ya 800 walikimbia.

Na kwa ndugu zetu wa Lubumbashi, katika gereza la Kasapa, Septemba 2020 wafungwa walifanya fujo na makumi ya wanawake wakabakwa kwa muda wa siku tatu kabla usalama haujarudi.

Mambo haya yote yanaonekana kama ajali za vita na fujo. Lakini kila mara kitu kimoja kilitangulia: gereza lilijaa kupita kiasi kwa miaka, wanawake walikaa karibu na wanaume kwenye ukuta mdogo, walinzi walikuwa wachache, na wengi wa waliokuwa ndani walikuwa hawajahukumiwa. Hesabu zilikuwa zinaonyesha hatari hiyo kila mwezi. Hazikutangazwa kwa namna ambayo ingelazimisha mtu kujibu.

Sheria inasema nini

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 18, inasema kwamba mtu hawezi kukaa kasho ya polisi zaidi ya saa 48. Zikipita, anaachiliwa ao anapelekwa mbele ya wakubwa wa sheria. Kifungu hichohicho kinasema kila aliyefungwa anapashwa kutendewa kwa namna inayolinda uhai wake, afya yake ya mwili na ya akili, na heshima yake. Kifungu cha 17 kinasema mshitakiwa anahesabiwa kuwa hana kosa mpaka hukumu itoke. Kifungu cha 24 kinampa kila mtu haki ya kupata habari.

Baada ya kasho, kuko saa nyingine inayohesabu. Majistra wa parke akitoa hati ya kukamatwa kwa muda, ile watu wanaita MAP, iko na nguvu ya siku 5, bila kuhesabu muda wa safari. Kisha mtuhumiwa anapashwa kufika mbele ya jaji. Jaji akikubali abaki ndani, anatoa amri ya siku 15, ambayo inaweza kuongezwa mwezi mmoja mmoja. Kwa makosa madogo, sheria inaweka mwisho wa kuongeza huko. Ni kusema tarehe zilizoandikwa kwenye grefe zinatosha kuonyesha nani anafungwa kwa haki na nani hati yake imekufa zamani.

Kuhusu magereza yenyewe, nchi iliongozwa kwa miaka mingi na amri namba 344 ya tarehe 17 Septemba 1965. Mwezi wa Juni 2023, sheria mpya ya kanuni za msingi za magereza ilitangazwa.

Juu ya sheria za nchi, kuko Kanuni za Nelson Mandela, ambazo Umoja wa Mataifa ulikubali tarehe 17 Desemba 2015. Ziko 122. Kanuni ya 7 inakataza kumpokea mtu gerezani bila hati halali. Kanuni ya 10 inataka vitabu vya gereza vitumike kutoa hesabu za kuaminika, pamoja na kiwango cha kujaa kwa gereza. Kanuni ya 71 inataka kifo cha mfungwa kichunguzwe na mtu asiye wa gereza. Na kanuni ya 85 inataka ripoti iandikwe baada ya kila ukaguzi, na wakubwa wafikirie kuitangaza kwa raia.

Hesabu saba za kuuliza

Gereza likisema "tunafanya kazi vizuri," inaomba kuonyesha. Kuko hesabu saba ambazo hata gereza dogo bila kompyuta linaweza kutoa kila mwezi kwenye karatasi moja.

Ya kwanza ni watu walio ndani na nafasi zilizopo. Ukigawa watu kwa nafasi, unapata jibu. Munzenze lilikuwa na zaidi ya watu 11 juu ya nafasi moja. Hakuna usingizi wala choo kinachoweza kuvumilia hiyo.

Ya pili ni waliohukumiwa na wasiohukumiwa, kila kundi pekee. Gereza likijaa watu wasiohukumiwa, ugonjwa hauko gerezani peke yake, uko pia kwenye parke na mahakama.

Ya tatu ni muda. Wangapi wamemaliza miezi sita bila kusikilizwa? Wangapi mwaka? Wangapi hati zao zimepita tarehe? Wangapi wamemaliza kifungo lakini bado wako ndani?

Ya nne ni wanawake, watoto wenye umri chini ya miaka 18, na watoto wachanga wanaoishi na mama zao. Je, wanalala mahali pao, na mlango wao unalindwa na nani?

Ya tano ni vifo na sababu zake. Njaa iandikwe njaa. Kifua kikuu kiandikwe kifua kikuu. Kuandika "ugonjwa" tu kwa kila maiti ni kuzika sababu pamoja na mtu.

Ya sita ni chakula na dawa: kilichofika, tarehe kilifika, na siku ambazo hakuna kilichopikwa.

Ya saba ni walinzi: wangapi wako kazini usiku, na wangapi kati yao wanalipwa na serikali.

Namna hesabu inaweza kudanganya

Hesabu moja peke yake haisemi kweli yote. Tuseme gereza lilikuwa na watu 1 000 mwezi uliopita na sasa liko na 900. Ni habari nzuri? Inategemea wale mia moja wametoka kwa mlango gani. Wanaweza kuwa wamemaliza kifungo, wamepewa uhuru wa muda, wamesamehewa na Rais, wamehamishwa gereza lingine, wametoroka ao wamekufa. Ndiyo maana karatasi ya mwezi inapashwa kuonyesha walioingia na waliotoka, na kila njia ya kutoka pekee.

Mfano ni Makala yenyewe. Wiki chache baada ya vifo vya Septemba 2024, Wizara ya Sheria iliachilia wafungwa zaidi ya 1 600, wengi wao wagonjwa. Familia zilifurahi, na ni haki yao. Lakini kama parke zinaendelea kutuma watu wapya kila siku kwa deni ao ugomvi wa jirani, gereza linajaa tena. Kuachilia watu wengi mara moja kunapendeza kwenye kamera. Dalili ya kazi nzuri ni hesabu inayoshuka polepole na kubaki chini.

Mtego mwingine ni vifo vinavyohamishwa. Mfungwa akizidiwa, anapelekwa hospitali. Akifia kule, gereza linaweza kusema halikuwa na kifo mwezi huo. Hesabu ya haki inamhesabu kila mtu aliyekufa akiwa bado mikononi mwa serikali, popote pumzi ilipomtoka.

Nani anapashwa kukagua

Kanuni za Mandela zinataka ukaguzi wa namna mbili: ule wa wakubwa wa magereza wenyewe, na ule wa watu wa nje wasiowategemea. Kwetu, majistra wa parke wako na kazi ya kutembelea kasho na magereza. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, CNDH, iliyoundwa na sheria ya mwezi wa Machi 2013, iko na ruhusa ya kuingia gerezani na kusema yale imeona. Wabunge wa taifa na wa jimbo nao wanaweza kuuliza waziri ao gavana maswali kwa maandishi. Mwaka 2010, Congo ilikubali pia mkataba wa Umoja wa Mataifa unaoruhusu wakaguzi wa kimataifa kuingia mahali watu wanafungiwa.

Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, CICR, inatembelea wafungwa na kusaidia familia kupata habari za ndugu zao. Lakini yale inaona inayasema kwa siri kwa wale wanaoshika gereza. Kazi yake inaokoa watu, ila haichukui nafasi ya ripoti kwa raia.

MONUSCO nayo ilisaidia magereza kwa miaka mingi na kukusanya hesabu zake. Iliondoka Kivu ya Kusini katikati ya mwaka 2024. Mgeni akiondoka na daftari lake, mwenyeji anabaki na kazi ya kuandika mwenyewe.

Na pale ambapo gereza liko mikononi mwa kundi lenye silaha, kazi haifutiki. Kifungu cha 3, ambacho kiko katika Mikataba yote minne ya Geneva, kinalazimisha kila upande wa vita kuwatendea waliofungwa kibinadamu. Anayeshika ufunguo ndiye anapashwa kujibu nani yuko ndani.

Pesa na chakula

Chakula cha mfungwa kinapashwa kutoka kwa serikali. Katika maisha ya kweli, mara mingi kinatoka kwa mama, mke ao dada anayepanda na bakuli, ao kwa kanisa. Huko Makala wafungwa wanajua vungule, mchanganyiko wa mahindi na maharagi. Mfungwa asiye na ndugu karibu, kama yule aliyetolewa Walikale ao Shabunda akaletwa mjini, ndiye anayekonda wa kwanza.

Hapa uwazi unaomba kulinganisha mambo matatu: pesa zilizopigiwa kura bungeni, pesa zilizotoka kweli kwenye hazina, na chakula kilichofika sungurani. Wizara ya Bajeti inatoa kwenye intaneti majedwali ya matumizi yanayoonyesha yale yaliyokubaliwa na yale yaliyolipwa. Hatua ya tatu ndiyo inakosekana, na ndiyo rahisi: mkubwa wa gereza, mjumbe wa wafungwa na mjumbe wa shirika la raia wanahesabu mifuko pamoja na kutia sahihi siku gari linashusha.

Kuko pia pesa zisizoandikwa popote: zile ambazo familia zinaombwa mlangoni ili kumwona mtu wao, na zile mfungwa mpya anaombwa ndani ili asilale chooni. Mashirika ya haki za binadamu yameandika juu yake mara mingi. Bango mlangoni linalosema kwamba kutembelea mfungwa ni bure, pamoja na siku na saa, linafunga mdomo wa wengi.

Si kila kitu cha kutangaza

Wakubwa wa magereza wanasema mara kwa mara kwamba wakitoa habari watasaidia adui. Hofu hiyo iko na msingi, hasa Beni na Butembo. Ratiba ya walinzi, mahali silaha zinawekwa, siku ya kuhamisha wafungwa: hayo yabaki siri. Majina ya wagonjwa na magonjwa yao ni siri yao, na majina ya watoto na ya wanawake waliobakwa hayasemwi kwenye radio. Lakini kusema "tuko na watu 900, 600 hawajahukumiwa, 4 wamekufa mwezi huu" hakumfundishi adui kitu. Yule anayepanga kushambulia anajua tayari kwamba gereza limejaa. Asiyejua ni raia, na ndiye anayelipa kodi.

Familia inaweza kufanya nini

Mtu wenu akikamatwa, andikeni siku na saa, na kasho aliyopelekwa. Baada ya saa 48, ulizeni OPJ yuko wapi na kwa hati gani. Akipelekwa gerezani, ulizeni grefe namba yake kwenye kitabu, tarehe ya hati yake na jina la ofisi inayoshika faili. Mambo hayo matatu yanamsaidia avoka, hata yule wa bure anayetolewa na baraza la maavoka, kuomba uhuru wa muda bila kupoteza wiki.

Mkikuta hati imepita tarehe, andikeni barua kwa mkubwa wa parke na mpeleke nakala kwa CNDH. Shikeni nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Mtu wenu akifa, familia iko na haki ya kujulishwa mara moja, kujua sababu na kupewa maiti. Ombeni karatasi ya daktari kabla ya kuzika.

Mashirika ya raia katika kila mji yanaweza kuanza na jambo dogo: kwenda gerezani siku ileile ya kila mwezi na kuomba zile hesabu saba. Gereza likikataa, jibu hilo nalo liandikwe na lisomwe kwenye radio, na mwezi unaofuata swali lirudiwe. Mahali watu wamezoea kusikia hesabu ya gereza kila mwezi, kama wanavyosikia bei ya unga na ya mafuta, wakubwa wanajua kwamba mtu akikosekana, kuko watakaouliza.